Mbwa Aliyekatazwa Kunguruma

Hutaamini, lakini kuna binti alichukua pande la nyama kwenye sahani ya baba yake mzazi, watu wote wa nyumbani wakiangalia, akamrushia mbwa. Na mbwa wala hakuwa na njaa. Alipewa kama zawadi. Zawadi ya nini? Alikuwa ametoka kumngurumia huyo huyo baba!

Ngoja, usicheke kwanza. Sikia ilivyokuwa.

Binti mwenyewe nyumbani wanamwita Kitinda, kwa sababu ndiye wa mwisho kuzaliwa, na jina limemganda mpaka kazini. Ni dobi. Anapiga pasi kwenye duka la kufua nguo, mikono imejaa alama za moto, na shati lako atalinyoosha, atalikunja na kulifunga kabla hujamaliza kupiga miayo. Kazini ana mdomo huyo! Anataniana na wateja mpaka wanasahau chenji. Lakini akivuka tu kizingiti cha kwao, mdomo unajifunga kama zipu.

Sababu ni Mzee. Baba yake alikuwa mwalimu wa nidhamu mpaka siku anastaafu, na alipostaafu yeye, nidhamu yenyewe haikustaafu. Alikuja nayo nyumbani, akaikalisha sebuleni. Chakula hukisemi vibaya. Ukitumwa hununi. Ukionewa unasema "sawa Baba," halafu unakwenda kulia bafuni huku umefungulia bomba watu wasikusikie. Alikuwa na neno lake moja, akilitoa mjadala umekwisha: "Hapa hakuna kunguruma." Dada Mkubwa aliambiwa hivyo alipokataa kusomea ualimu. Kitinda aliambiwa hivyo mara nyingi mpaka akaacha kuhesabu. Mama sijui aliambiwa lini, maana ilishasahaulika kama Mama ana sauti.

Basi alipoletwa mbwa, naye akaingizwa darasani.

Mbwa huyo ni wa rangi ya chai ya maziwa, kifua kipana, sikio moja limesimama na lingine limelala. Mzee alimpa jina Koplo. Siku za mwanzo, akiwa bado mtoto, alipewa mfupa, Mzee akapitisha mkono karibu yake, na mtoto wa mbwa akatoa kile kisauti chao, ngrrr, cha kuchekesha tu. Mzee akavua kandambili. Paa! Kesho tena, ngrrr, paa! Ikawa hivyo hivyo, mpaka siku moja Mzee akapitisha mkono, na Koplo akakaa kimya, macho chini, mfupa umemdondoka.

Mzee alifurahi kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Tangu siku hiyo kila mgeni alipoingia lazima aonyeshwe. "Mnamwona huyu? Namnyang'anya mfupa mdomoni, hata hanung'uniki." Na kweli anamnyang'anya, na wageni wanapiga makofi. Kitinda anaangalia, anatabasamu, anapeleka vikombe jikoni.

Maisha yakaenda hivyo mpaka Shemeji alipong'atwa.

Shemeji ni mume wa Dada Mkubwa. Anauza bima, ana tumbo la furaha na sauti ya mtu anayetangaza mnada, akiingia nyumbani hata mapazia yanajua. Jumapili hiyo aliingia na kelele zake, "Koplo! Mzee wa kazi! Vipi hali?" akainama, akamshika mbwa masikio yote mawili, akayasugua kama mtu anayefua soksi.

Kitinda alikuwa pale pale na sinia mkononi. Aliona kila kitu. Koplo aligeuza uso pembeni. Akajilamba pua. Akapiga mwayo, wakati hana usingizi. Halafu akakakamaa, mwili mzima, kama amepigwa picha. Shemeji bado anasugua tu, anacheka. Na bila onyo, bila hata pumzi ya onyo, Koplo akageuka na kumdaka mkono.

Damu! Dada Mkubwa anapiga mayowe, Mama kashika kichwa, Shemeji anazunguka sebule nzima akisema "Kaniua! Jamani, mbwa kaniua!" huku anatembea vizuri kabisa. Akapelekwa hospitali, akashonwa, akadungwa sindano za tahadhari. Bahati nzuri chanjo za mbwa zilikuwa zimekamilika.

Mzee wala hakupandisha sauti. Huwa hapandishi. Alisema tu, "Mbwa anayeuma bila sababu hana tiba. Kitinda, kesho mpeleke kwa daktari wa mifugo akachomwe ile sindano ya kulala moja kwa moja. Wewe ndiye anakusikiliza zaidi."

"Sawa Baba," akasema Kitinda.

Umeona? Hata hapo alisema sawa.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akamvalisha Koplo kile kikapu cha waya cha mdomoni, wakaondoka. Njia nzima mbwa anatikisa mkia. Yeye anadhani wametoka matembezi! Kitinda anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, watu wanapishana naye wakidhani ni vumbi.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira na haraka zake. Alisikiliza kisa, akatingisha kichwa, akaanza kumkagua mbwa kwanza, akisema hachomi mnyama sindano kwa kusimuliwa tu. Tumbo sawa. Miguu sawa. Meno sawa. Akafika kwenye lile sikio lililolala, akalifunua, harufu ikatoka humo, wee! Kitinda alirudi nyuma mwenyewe.

"Unaona hii?" Daktari akamwangazia na tochi. Ndani palikuwa pekundu, pamevimba, usaha umejaa. "Hili sikio limeoza siku nyingi. Huyo shemeji yako alikuwa anamsugua kidonda."

"Mungu wangu. Na sisi tunajua ni sikio tu limelala."

"Hebu niambie. Kabla ya kuuma, alinguruma?"

"Hapana, Daktari. Huyu hangurumi." Kitinda akasema vile alivyozoea kumsikia Mzee akisema, hata kwa fahari kidogo. "Baba alimfundisha asingurume. Tangu mdogo."

Daktari akaweka tochi mezani taratibu.

"Alimfundisha vipi?"

"Kwa kandambili."

"Dada," Daktari akasema, "mbwa akinguruma anaongea. Anasema, naumia, niache, sogea. Ndiyo adabu yenyewe hiyo! Nyinyi mmemkataza kusema, lakini maumivu hamkuyaondoa. Mmekata waya wa king'ora, mkauacha moto unawaka. Sasa amebaki na nini? Meno."

Kitinda alikuwa anamwangalia Koplo, na Koplo anamwangalia yeye, kikapu mdomoni. Akakumbuka ule mwayo. Kule kujilamba pua. Kumbe mbwa alikuwa amenong'ona kwa kila namna iliyobaki, na hakuna hata mmoja aliyemsikia!

"Unataka nimchome?" Daktari akauliza. "Uamuzi ni wenu. Lakini mimi naona mbwa mgonjwa, sioni mbwa mbaya."

Na hapo, jamani, Kitinda akaweka mkono mgongoni kwa Koplo. Akajisikia anasema, "Hachomwi."

"Unasemaje?"

"Nimesema hachomwi! Nipe dawa ya sikio."

Alirudi nyumbani jioni, mbwa hai, chupa ya matone mfukoni. Mzee yuko kwenye kiti chake. Akamtazama mbwa, akamtazama binti.

"Nilikutuma nini?"

"Ulinituma akachomwe, Baba."

"Na daktari amekataa?"

Hapa ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Uongo mdogo tu, yakaisha. Mama jikoni alishaacha kukoroga, anasikiliza.

"Daktari hajakataa. Mimi ndiye nimekataa. Sikio lake limeoza, Baba, Shemeji alimshika kidonda. Na hakunguruma kwa sababu tulimpiga mpaka akaacha. Kosa ni letu."

Mzee akajinyoosha kwenye kiti chake.

"Letu," Mzee akarudia, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Haya. Mwisho wa mwezi dada yako na mumewe watakuja. Aliyeumwa ndiye atakayeamua. Akisema mbwa aondoke, nampeleka mimi mwenyewe, na wewe hutafungua mdomo."

Kitinda akaanza kazi. Daktari alimwelekeza: kwanza mbwa apate sehemu yake, watu wasimfuate fuate. Kwa hiyo akaweka kigeti cha waya kwenye korido ya nyuma, na akitoka naye nje lazima kikapu mdomoni, hata kama njia ni tupu. Pili, dawa bila kushikana mieleka. Anamgusa bega, anampa kipande cha nyama. Anamgusa shingo, kipande. Anakaribia sikio, kipande. Koplo akigeuza uso, yeye anaondoa mkono. Akijilamba pua, anaondoa mkono. "Sawa bwana, nimekusikia," anamwambia, "tupumzike." Mama anapita na ndoo anajifanya hajaona, ila vipande vya nyama kwenye friji vikawa haviishi, na Kitinda hakuwa anavinunua yeye.

Na ya tatu ndiyo iliyomshangaza bosi wake pale kwenye duka la kufua. "Akinguruma?" Bosi akauliza, shati la mteja limening'inia mkononi. "Akinguruma unafanyaje?"

"Nashukuru, halafu narudi nyuma."

"Unashukuru! We binti, yaani wenzako wanafundisha mbwa adabu, wewe unamfundisha ukorofi?"

"Namfundisha kusema kabla ya kuuma, Bosi."

"Mh. Basi mlete amfundishe na mume wangu, maana yule ananuna wiki nzima halafu anavunja sahani."

Walicheka mpaka mvuke wa pasi ukawaingia puani.

Lakini ngurumo yenyewe haikuja. Siku zikapita, sikio linapona, uvimbe unashuka, mbwa anakula vizuri, lakini sauti hakuna. Mpaka asubuhi moja, Kitinda ana usingizi, akaharakisha, akashika sikio moja kwa moja bila utaratibu. Ikatoka. Ndogo, ya kukwaruza, kama pikipiki mbovu inayokataa kuwaka. Ngrr.

Na mbwa mwenyewe akaogopa! Akajilaza chini, macho kayafumba, anangoja kandambili.

Kitinda akaondoa mkono, akarudi nyuma, akakaa sakafuni. "Ahsante, Koplo," akasema, na machozi yanamtoka. "Ahsante sana, baba. Sema tena siku yoyote."

Mwisho wa mwezi ukafika. Meza imeandaliwa, Mzee kiti cha mbele, mbele yake lile pande kubwa la nyama lisilo na mfupa ambalo huwa anawekewa yeye peke yake. Dada Mkubwa kavaa kama anakwenda mahakamani. Shemeji mkono una kovu jipya, anauonyesha kila anapoomba chumvi. Koplo yuko nyuma ya kigeti chake, kimya.

Kitinda akaeleza. Sikio, usaha, kandambili, king'ora. Sauti ilitetemeka mwanzoni, halafu ikanyooka.

"Mdogo wangu, una huruma sana," Dada Mkubwa akasema. "Lakini mkono wa mume wangu si biskuti."

"Najua, Dada. Ndiyo maana nataka awe anasema kabla."

"Mbwa aseme!" Mzee akacheka kidogo, kicheko cha puani. Akasimama. "Hizi zote ni hadithi. Mbwa anahitaji kumjua mkubwa wake. Ngoja niwaonyeshe."

"Baba, tafadhali usiingie kule."

Mzee huyo, anakwenda. Akafungua kigeti. Kitinda akainuka. Kama Koplo akiuma leo, amekufa leo, hakuna wa kumtetea hata Mungu ashuke. Mzee akamwinamia mbwa kwenye kona yake, akanyoosha mkono, moja kwa moja kwenye lile sikio.

Koplo akageuza uso. Akajilamba pua. Akakakamaa.

Na akanguruma.

Safari hii si pikipiki mbovu. Ni lori! Ngurumo nzito, ya chini, imejaa korido, vijiko vinatetemeka mezani. Shemeji alipanda na miguu yote miwili juu ya kiti. Mzee mkono umeganda hewani, na mwingine, taratibu, unashuka kwenda kuvua kandambili.

"Safi, Koplo!"

Wote wakageuka. Ni Kitinda. Kashachukua lile pande la nyama kwenye sahani ya Mzee, karusha mwisho wa korido, mbali na Mzee, na mbwa akamwacha Mzee akalifuata mbio, bado ananguruma. Yeye kashapita, kasimama katikati, mgongo kwa mbwa, uso kwa baba.

"Ahsante, Koplo, umesema vizuri! Baba, rudi nyuma."

"Unamsifu mbwa kwa kuningurumia mimi?"

"Ndiyo. Amekwambia kistaarabu. Hajakugusa hata ukucha. Rudi nyuma."

Sasa kisikie hiki. Mzee, yule mwalimu wa nidhamu ambaye shule nzima ilikuwa inabadilisha njia akipita, akarudi nyuma. Hatua ndogo, kandambili moja mguuni, moja mkononi. Na ngurumo ikakatika pale pale, kama redio iliyozimwa. Koplo akalala chini na nyama yake.

Wa kwanza kusema alikuwa Shemeji, bado yuko juu ya kiti. "Yaani ndiyo hiyo? Angeniambia hivyo siku ile, si ningeondoa mkono zamani! Kwani mimi mwehu?" Akashuka, akajikung'uta. "Baba mkwe, ulisema aliyeumwa ndiye anaamua. Mimi nasema mbwa akae."

Dada Mkubwa akamkazia macho, halafu akamwangalia mdogo wake kwa muda, akashusha mabega. "Akae."

Kitinda alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Lakini Mzee alikuwa amerudi kwenye kiti chake, anaangalia sahani yake tupu.

"Vizuri," akasema. "Neno langu ni neno. Mbwa atakaa. Ila Kitinda, umenipandishia sauti mbele ya mkwe wangu. Utasimama hapo uniombe radhi, na useme mbele ya wote kwamba ulikosea kumsifu. Hapa hakuna kunguruma. Ukishindwa, toka naye."

"Si useme tu," Dada Mkubwa akamnong'oneza. "Ni maneno tu, mdogo wangu. Mbwa kashapona, umeshinda tayari."

"Shem, sema fasta chakula kinapoa," Shemeji naye.

Kitinda akasimama. Akaangalia kandambili, imerudi mguuni. Akawaza kesho asubuhi, yeye yuko kazini na pasi yake, na Koplo yuko hapa anaguswa na mtu, anafungua mdomo kusema, na wenye nyumba wote wameshasikia kwamba kusema ni kosa.

"Baba, nakuheshimu," akasema. "Kwa nyama yako nakuomba radhi, ilikuwa tamu na hukuila. Kwa sauti, nakuomba radhi kama imekuumiza masikio. Lakini kwamba nilikosea kumsifu, hilo siwezi kulisema. Sikukosea. Angenyamaza ungekuwa hospitali saa hizi, na yeye angekuwa shimoni."

"Basi umechagua."

"Nimechagua."

Hakuna aliyekula. Kitinda akamvalisha Koplo kikapu, kipande kwanza, kikapu baadaye, kama kawaida, wala hakuharakisha. Alipofika mlangoni akamkuta Mama kasimama na mfuko: nguo, chupa ya matone, na nyama imefungwa kwenye karatasi.

"Asubuhi na jioni," Mama akasema. Kwa sauti. Sebule nzima ilisikia. "Usiruke dozi, mwanangu."

Mpaka leo analala kwenye chumba cha nyuma cha duka la kufua, kati ya magunia ya sabuni, na Bosi anajidai eti ameajiri mlinzi. Sikio limepona kabisa, ingawa bado limelala, ndivyo alivyozaliwa. Mama hupita na mfuko wake. Mzee hajapita. Ametuma ujumbe mara moja, kupitia Dada Mkubwa: sentensi ni ile ile, kwamba alikosea kumsifu mbwa; akiisema hata kwenye simu, mlango uko wazi kwa wote wawili, na chumba chake hakijaguswa. Kitinda alisoma, akaweka simu kifudifudi, akaendelea kupiga pasi.

Watu wamegawanyika. Wengine wanasema baba ni baba, sentensi moja haiui mtu, aseme arudi kwao. Wengine wanasema akae huko huko asirudi nyuma.

Haya, wewe sasa. Simu iko mkononi mwako, baba yako anangoja, mbwa kalala miguuni kwako. Ungeisema?